Kidonge Kilicho Ndani ya Mkoba

Alhamisi moja, kikao chetu cha akina mama kikielekea mwisho, mwenzetu mmoja aliinuka kwenda kuepua sufuria ya chai. Hakufika mlangoni. Alishika ukuta, akateleza taratibu, akakaa chini kama mtu aliyeishiwa nguvu zote. Wengine tulidhani ni njaa, wengine tukasema ni presha. Tulimpepea kwa kanga, tukamlegeza nguo, mmoja akakimbilia maji ya sukari. Alipofumbua macho alikuwa amelowa jasho la baridi na viganja vyake vimepauka. Ndipo, kwa aibu, akamnong'oneza mama aliyekuwa amemwegemeza kwamba kwa siku tatu choo chake kilikuwa cheusi kama lami, chenye kunata, na harufu ambayo hajapata kuisikia.

Hospitalini aliongezewa chupa tatu za damu. Kesho yake walimpitisha kooni mpira mwembamba wenye kamera, wakaona kidonda tumboni kilichokuwa kikivuja. Yeye alishangaa, kwa sababu tumbo halikuwa limemsumbua hata siku moja. Daktari, kijana wa umri wa mwanawe, akamwuliza swali ambalo hakulitegemea.

"Mama, unatumia dawa gani za maumivu?"

"Ni hizi za magoti tu, mwanangu," akajibu, akaomba apewe mkoba wake.

Ndani ya leso, pamoja na sarafu za nauli, kulikuwa na karatasi ya vidonge vya diklofenaki vya miligramu 100. Alikuwa akimeza kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kwa muda gani? Alifikiri kidogo, kisha akasema tangu wakati wa kupanda mahindi. Tulipohesabu ilikuwa miezi saba. Mwanzoni aliandikiwa na daktari baada ya kuanguka, naye aliandikiwa siku tano. Siku tano zilipokwisha magoti yalikuwa yametulia, na yaliporudi kuuma hakuona sababu ya kupanga foleni tena kwa jambo ambalo dawa yake alishaijua. Muuza duka alimzoea. Akimwona tu anauliza, "Shikamoo mama, zile zile?" na anamkatia kumi.

Tulipomtembelea wodini na kusikia habari hiyo, tulitazamana. Alhamisi iliyofuata tuliamua kila mmoja afungue mkoba wake mezani. Tulikuwa 14. Wenye vidonge vya maumivu vya namna hiyo walikuwa tisa, na kati yao watatu walikuwa na aina mbili tofauti wakidhani moja ni ya kichwa na nyingine ni ya mgongo. Mama mmoja alikuwa na vidonge visivyo na jina lolote, vimefungwa ndani ya karatasi ya daftari. Hatukucheka sana.

Ndiyo maana tumeandika ukurasa huu. Tulikwenda kuwauliza wanaojua, tukasoma, na tunayoyaeleza hapa tungependa kila mama ayajue kabla ya kuchana karatasi ya vidonge tena, kwa ajili yake mwenyewe au kwa mwingine nyumbani mwake.

Ukoo mmoja, majina mengi

Dawa tunazozizungumzia huitwa dawa za kupunguza maumivu na uvimbe. Ni ukoo mkubwa. Wamo aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, indomethasini, naproksini, piroksikamu na meloksikamu. Majina ya biashara ni mengi zaidi na hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Ibuprofeni wengi wetu tumezoea kuiita Brufen hata kama pakiti ina jina jingine kabisa. Mama akiwa na pakiti mbili zenye rangi tofauti anaweza kabisa kuwa na dawa moja. Kwa hiyo usisome jina kubwa tu la pembeni. Tafuta lile dogo lililo chini yake. Ni la Kiingereza, lakini ukilisoma kwa sauti utalitambua kati ya hayo tuliyoyataja.

Parasetamoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Panadol, si ya ukoo huu. Huondoa maumivu na kushusha homa, ila haina nguvu ya kupunguza uvimbe, na haichokonoi tumbo kama hizi nyingine. Ina hatari yake pia, nayo ni ini kwa mtu anayezidisha kipimo. Tutairudia mbele. Lakini angalia: kuna vidonge vinavyouzwa vikiwa vimechanganywa diklofenaki au ibuprofeni pamoja na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Mama anayemeza hivyo kisha akaongeza Panadol kwa sababu kichwa hakijapoa, amemeza parasetamoli mara mbili bila kujua.

Dawa hizi zimeondoa mateso mengi duniani, na sisi hatutaki kumtisha mtu. Aspirini ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1897. Ibuprofeni iligunduliwa Uingereza na mtaalamu wa dawa aitwaye Stewart Adams pamoja na wenzake, ikaanza kutumika huko mwaka 1969. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kuijaribu kichwa kilipokuwa kikimgonga baada ya kunywa pombe usiku uliotangulia, siku ambayo alitakiwa kutoa hotuba. Kwa maumivu ya hedhi, kwa jino, kwa kifundo kilichoteguka, kwa viungo vilivyovimba, ukoo huu mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko parasetamoli. Tatizo halipo katika kidonge kimoja cha leo. Lipo katika kuendelea.

Jinsi zinavyofanya kazi

Kwa muda mrefu watu walitumia aspirini bila kujua inafanyaje kazi. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini na wenzake huzuia mwili usitengeneze kemikali zinazoitwa prostaglandini. Yeye na wenzake wawili wa Uswidi, Sune Bergström na Bengt Samuelsson, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982 kwa kazi yao juu ya kemikali hizo.

Prostaglandini ndizo zinazofanya goti livimbe, liwe la moto na kuuma. Ukizizuia, goti hutulia. Lakini kemikali hizo hizo zina kazi nyingine mwilini. Tumboni huhimiza utengenezaji wa ute unaoukinga ukuta wa tumbo usichomwe na asidi yake lenyewe. Katika figo husaidia kuiacha mishipa wazi ili damu ifike kuchujwa, hasa mtu anapokuwa na upungufu wa maji. Na katika damu, zipo kemikali jamaa zao zinazosaidia damu kuganda mtu anapoumia.

Fikiria mbwa wa nyumbani anayebweka usiku hadi hamlali. Ukimlisha kitu cha kumlaza mtalala vizuri, lakini geti nalo limebaki bila mlinzi. Kidonge hakijui kwamba wewe unataka kutuliza goti peke yake. Kinaingia katika damu na damu inakipeleka kila mahali.

Kutokana na hilo tumeelewa mambo mawili ambayo wengi wetu tulikuwa tumeyakosea kwa miaka.

La kwanza ni juu ya chakula. Tumefundishwa tangu utoto kwamba dawa hizi zimezwe baada ya kula, nasi tukaamini kwamba aliyeshiba yuko salama. Kula kwanza ni vizuri. Hupunguza kichefuchefu na kiungulia. Lakini hakumzuii mtu kupata kidonda, kwa sababu sehemu kubwa ya madhara haitokani na kidonge kulala tumboni bali na dawa iliyokwisha kuingia katika damu. Ndivyo ilivyo pia kwa maziwa. Mwenzetu alikuwa hamezi kabla ya uji, hata siku moja.

La pili ni juu ya sindano. Wapo akina mama wanaosema, "Mimi nina vidonda vya tumbo, basi nachomwa sindano ya diklofenaki badala ya kumeza." Sindano hupita njia nyingine, lakini hufika katika damu ile ile. Mwenye vidonda vya tumbo hajapata usalama wowote kwa kubadilisha mlango.

Kidonda kinachotokana na dawa hizi chaweza kukaa kimya kabisa, kwa kuwa dawa yenyewe inafunika maumivu. Dalili ya kwanza huweza kuwa damu. Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kinachofanana na masimbi ya kahawa, kizunguzungu cha ghafla unapoinuka, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo yasiyoacha: hayo si mambo ya kusubiri asubuhi. Ni kwenda hospitali usiku huo huo, na kubeba pakiti ya dawa mkononi. (Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma hufanya choo kuwa cheusi pia, na wajawazito wanalijua hilo. Lakini usijiamulie mwenyewe, mwulize mganga.)

Hatari hii huongezeka kwa mtu mwenye umri wa miaka zaidi ya 60, kwa aliyewahi kuwa na vidonda, kwa anayetumia aina mbili za ukoo huu kwa pamoja, kwa anayekunywa pombe, na kwa anayetumia prednisoloni au dawa ya kuzuia damu isigande. Mtu wa namna hiyo akilazimika kuzitumia, daktari huweza kumpa omeprazoli ya kulinda tumbo. Hiyo ni kazi ya daktari kuipanga, si ya jirani. Na omeprazoli hulinda tumbo; figo na moyo hailindi.

Figo, presha na moyo

Kuna habari moja ya ndege ambayo hatuwezi kuipita. Katika nchi za India, Pakistani na Nepali, tumbusi, wale ndege wakubwa wanaokula mizoga, walianza kufa kwa wingi katika miaka ya 1990 hadi baadhi ya aina zao zikakaribia kutoweka. Mwaka 2004 watafiti walieleza sababu. Wafugaji walikuwa wakiwapa ng'ombe wao diklofenaki, na ng'ombe aliyekufa akiwa na dawa hiyo mwilini alipoliwa na tumbusi, figo za ndege ziliharibika na kufa ndani ya siku chache. Mwaka 2006 nchi hizo zilianza kupiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Mwanadamu si tumbusi, na mwili wetu huistahimili diklofenaki vizuri kuliko wao. Lakini ilitusaidia kukumbuka kwamba figo nazo zimo katika hesabu.

Kwa mtu mzima mwenye afya, anayekunywa maji ya kutosha, dozi za siku chache mara nyingi hazidhuru figo. Hatari huja pale maji yanapopungua mwilini, kama kwa kuharisha, kutapika, homa kali au kufanya kazi juani kutwa. Wakati huo figo hutegemea sana zile prostaglandini, nasi ndio wakati tunaozizuia. Mgonjwa wa kisukari na mwenye figo dhaifu wako karibu zaidi na hatari. Mkojo kupungua, miguu na uso kuvimba, ni dalili za kuacha dawa na kwenda kupimwa.

Halafu presha. Dawa hizi huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, presha ikapanda, na tena huzidhoofisha baadhi ya dawa za kushusha presha. Tunawajua akina mama waliobadilishiwa dawa za presha mara mbili na tatu, na hakuna aliyewauliza juu ya kidonge cha kiuno. Nao hawakukitaja, kwa sababu kwao hicho si dawa, ni kidonge tu! Mtu anayetumia dawa ya presha ya jamii ya enalapril au losartani pamoja na ile ya kukojoza, kisha akaongeza diklofenaki, huziweka figo zake katika hatari ya pekee. Mwenzetu alikuwa na zote tatu. Damu ndiyo iliyomwangusha, lakini vipimo vilionyesha figo nazo zilikuwa zimeanza kulegea.

Juu ya moyo, dunia ilifumbuka macho mwaka 2004, kampuni ya Merck ilipoiondoa sokoni dawa yake ya Vioxx, iliyosifiwa kwa kutoumiza tumbo, baada ya kuonekana kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Baada ya hapo wataalamu walizipima upya na dawa nyingine za ukoo huu. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliamua kwamba diklofenaki isitumiwe na watu wenye moyo dhaifu, waliowahi kupata mshtuko wa moyo, au waliowahi kupata kiharusi. Mama ambaye mumewe au mkwewe yumo katika kundi hilo, alitazame kabati la dawa leo.

Na kama daktari amempa mtu aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo, asiiache mwenyewe kwa sababu ya kusoma habari hizi. Hiyo ina kazi yake. Ila aulize kabla ya kuongeza ibuprofeni, kwa kuwa ibuprofeni huweza kuizuia aspirini hiyo isifanye kazi yake.

Mimba, kunyonyesha na binti zetu

Hapa tunaomba utulie kidogo.

Mama mkwe mmoja alitueleza jinsi alivyompa mkaza mwanawe diklofenaki, tena kwa upendo kabisa, binti alipolalamika mgongo katika mwezi wa saba. "Mimi mwenyewe nilikuwa nameza," alisema. Bahati njema ilikuwa ni vidonge viwili tu, na kliniki ilifuata siku mbili baadaye.

Mtoto akiwa tumboni ana mshipa mdogo karibu na moyo ambao hubaki wazi hadi azaliwe. Prostaglandini ndizo zinazouacha wazi. Zikizuiwa katika miezi mitatu ya mwisho mshipa huo huweza kufunga kabla ya wakati wake, na moyo wa mtoto ukaelemewa. Hilo lilijulikana zamani. Mwezi Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo jingine: kuanzia wiki ya 20, yaani katikati ya mwezi wa tano, dawa hizi huweza kudhuru figo za mtoto, na kwa kuwa maji ya uzazi hutokana kwa sehemu kubwa na mkojo wa mtoto, maji hayo hupungua. Mjamzito anayeumwa kichwa au mgongo hutumia parasetamoli kwa kipimo chake na kwa muda mfupi, na maumivu yakiendelea huenda kliniki. Kichwa kikali kinachoambatana na kuona maluweluwe, maumivu ya juu ya tumbo au uso kuvimba chaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja. Hapo hata parasetamoli isikucheleweshe.

Usichanganye jambo hili na aspirini ya kiasi kidogo, kama miligramu 75 kwa siku, ambayo madaktari huwapa baadhi ya wajawazito kuwakinga na ugonjwa huo huo. Ukiwa umepewa hiyo, endelea kama ulivyoelekezwa.

Mama anayenyonyesha yeye ana nafuu. Ibuprofeni huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo sana, na madaktari huiruhusu kwa maumivu baada ya kujifungua. Kwa mama anayetafuta mtoto na hapati, ni vema amwambie daktari kama anameza dawa hizi mara kwa mara, kwa kuwa zikitumiwa mfululizo huweza kuchelewesha yai kutoka. Hilo hurudi sawa akiziacha.

Na binti anayejikunja kitandani kila mwezi? Hapa tutasema kinyume cha wengi. Usimwambie avumilie tu kwa kuwa sisi tulivumilia. Maumivu ya hedhi husababishwa na prostaglandini zinazoukamua mfuko wa uzazi, na ibuprofeni inalenga hapo hapo. Akiwa hana pumu wala vidonda vya tumbo, miligramu 200 hadi 400 baada ya chakula, mara isiyozidi tatu kwa siku, kwa siku mbili au tatu za mwanzo, humwezesha kwenda shule. Ameze mapema maumivu yanapoanza, asingoje hadi atapike. Maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, au yasiyosikia dawa, yachunguzwe.

Tumetaja pumu. Wapo wagonjwa wa pumu ambao aspirini au jamaa yake huwabana kifua ndani ya saa chache. Anayejua alishapata hali hiyo kwa dawa moja ajue kwamba ukoo wote si wake.

Homa ya mtoto

Aspirini asipewe mtoto aliye chini ya miaka 16, labda daktari awe ameiagiza kwa ugonjwa maalumu. Mtoto mwenye mafua makali au tetekuwanga akipewa aspirini anaweza, ingawa ni nadra, kupata ugonjwa uitwao Reye unaoharibu ubongo na ini. Diklofenaki ya mtu mzima usiivunje nusu ukampa mtoto; nusu ya kidonge cha baba si kipimo cha mtoto. Kwa homa, parasetamoli ya maji ndiyo ya kwanza, kwa kipimo kinachofuata uzito wake, na kwa kikombe au bomba lililokuja na chupa. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Mtoto anayeharisha na kutapika asipewe ibuprofeni, kwa sababu ile tuliyoieleza juu ya figo. Na homa ipimwe malaria. Kidonge hushusha joto, lakini hakiwaui vijidudu.

Kwa wale wa Dar es Salaam na miji ya pwani kuna jambo la ziada. Homa ya dengue ilienea Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Huanza na homa ya ghafla, kichwa, maumivu nyuma ya macho na mwili wote kuvunjika, yaani hali ile ile inayomfanya mtu atafute dawa kali ya maumivu. Lakini dengue hupunguza chembe za kugandisha damu, na aspirini, ibuprofeni au diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu. Mpaka ijulikane ni homa gani, shika parasetamoli na maji mengi.

Ukilazimika kuzitumia

Kanuni ya wataalamu ni fupi: kipimo kidogo kinachotosha, kwa muda mfupi unaotosha, aina moja kwa wakati. Kwa ibuprofeni ya kujinunulia, mtu mzima asizidishe miligramu 1,200 kwa siku, yaani vidonge vitatu vya 400. Kwa diklofenaki mwisho ni miligramu 150 kwa siku nzima. Rudi sasa kwa mwenzetu: vidonge viwili vya 100 kila siku. Alikuwa amepita mpaka kwa miligramu 50 tangu siku ya kwanza aliyojiongezea, na hakuna aliyemwambia. Parasetamoli kwa mtu mzima mwenye afya haizidi gramu nne, ambazo ni vidonge vinane vya 500, na mwenye kilo chache au ini bovu hupungukiwa zaidi.

Ikiwa maumivu yamepita siku kumi na bado unahitaji kidonge, basi si kidonge kinachohitajika tena bali jibu la nini kinauma. Goti la utu uzima si sawa na goti la baridi yabisi, na mgongo wa kubeba ndoo si sawa na mgongo wa figo.

Kuwe na tahadhari pia na dawa za mitishamba zinazosifiwa kuponya magoti kwa siku moja. Mwaka 2022 mamlaka ya Marekani ilionya juu ya bidhaa iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo, Artri King, baada ya kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Mizizi inayofanya kazi haraka kama sindano, huenda imo sindano ndani yake.

Dukani, mwambie muuzaji mambo matatu kabla hajakukatia: umri wa mgonjwa, kama ana mimba, na dawa nyingine anazotumia. Akikuona msumbufu, nenda duka jingine. Omba vidonge ndani ya pakiti yake, visihesabiwe kwenye karatasi ya daftari. Ukipata madhara, mwambie mganga wako ayaandikie taarifa. Hapa Tanzania taarifa hizo hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi mwaka 2019.

Mwenzetu alikaa wodini siku tisa. Magoti bado yanamwuma, hilo hatutalificha. Sasa hupaka jeli ya diklofenaki, ambayo kiasi kidogo tu huingia katika damu, baada ya daktari kuona figo zimerudi vizuri na kumruhusu. Hujikanda kwa kitambaa cha maji ya moto asubuhi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kukaa kwenye kiti na kunyoosha mguu mmoja mmoja, akiushikilia juu huku akihesabu hadi kumi, ili misuli ya paja ibebe kazi ya goti. Alicheka alipoambiwa hiyo ni tiba. Baada ya wiki kama nane alianza kupanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Parasetamoli humeza siku za kufua tu.

Alhamisi iliyopita alikuja akiwa na kiti chake cha plastiki. Tulipokuwa tukingoja chai ichemke, tulimkuta amewapanga akina mama sita mstari mmoja, miguu juu, akiwahesabia.